Aliye Juu

Riali mia nne na themanini, Mundhir,
na hamsini za fundi wa Maabela aliyefunga vyuma
huku akitikisa kichwa.
Nimeziandika katika daftari la nyumbani,
ukurasa wa Upuuzi,
chini ya mashine ya kahawa isiyowahi kuchemka.

Nilikuuliza: hema la chini lina ubaya gani?
Lile la kijani, la riali kumi na nane,
lililotuvumilia mpaka zipu ikang'oka meno?
Ukasema: nge. Ukasema: nyoka.
Ukasema: maji ya wadi yakija usiku hayabishi hodi.
Nikasema: tunakwenda mlimani, si wadini,
na nge, tangu tuoane, nimemwona mmoja tu,
bafuni kwetu.

Basi tukaupanda Jebel Shams Alhamisi ile,
gari likihema kwa mzigo wa kichwani
kama mwanamke aliyetwishwa mtungi na mtu asiyechota maji.
Nusu ya petroli ilikwisha kabla ya Al Hamra.
Na hema lenyewe ulikuwa umeshalikwaruza
kwenye maegesho ya chini ya duka kubwa la Seeb,
ukanisihi nisimwambie mtu.
Sikumwambia mtu. Naandika tu.

Haya, na mema yake niyataje.
Lilifunguka kwa dakika nne, nilihesabu.
Godoro limo, mito imo,
hakuna kuokota mawe, hakuna kigingi kilichopinda.
Mbuzi wa kule, waliozoea kutafuna kamba za wageni,
walilizunguka gari mara mbili,
wakatutazama kwa dharau, wakaenda kwa majirani.

Lakini barafu ilipoyeyuka
na nguru akaanza kujitangaza kwa harufu,
nani wa kwenda dukani?
Nyumba imekaa juu ya magurudumu.
Ukitaka gari, kunja nyumba.
Ukitaka nyumba, gari ni jiwe.

Na ile ngazi. Vipago tisa vyembamba,
na usiku wa baridi kibofu hakijui bei ya hema.
Maneno yote haya nilikuwa nimeyapanga,
nasubiri tu magoti ya mama yako yanitolee ushahidi.

Bi Ghaniya akavua viatu.
Hakuomba mkono.
Bismillahi kwa kila kipago, tukaisikia mara tisa,
na mlango wa hema ukameza visigino vyake vyenye hina.

Kimya.
Kisha: "Kumbe huku pana dirisha darini."
Kisha: "Nileteeni kahawa."

Hakushuka kwa chakula:
Wadha alifunga sahani kwa kilemba chako,
bibi akaivuta kama ndoo ya kisimani,
na mjukuu akaifuata sahani.
Hakushuka upepo ulipoinuka saa sita,
turubali likipiga makofi,
gari zima likiyumba kwenye springi zake.

Aliye juu mngoje chini.
Tukamngoja, mimi na wewe,
mkekani, blanketi moja,
mara ya kwanza tangu Wadha azaliwe
pasipo goti la mtoto katikati yetu.
Ukaita: "Mama, hujambo huko?"
"Nyamaza! Umenipotezea hesabu.
Sasa naanza tena na ile ya kushoto."

Wasema mpanda ngazi hushuka. Huyu alishuka saa nne asubuhi,
jua limeshalifanya hema tanuri.
Kibofu alikifanyaje, hakusema, sikuuliza.
Alivaa viatu, akalipiga gari kofi mgongoni
kama anayemsifu punda,
akataka kujua tunarudi lini.

Mgongo wangu bado unauma kwa yale mawe chini ya mkeka.
Jana usiku nililifungua daftari.
Ile mia nne na themanini sijaifuta, usifurahi mno.
Nimeihamisha tu kutoka Upuuzi,
nikaiweka penye dawa za presha za mama yako.

Ya petroli utalipa mwenyewe.