Nne, Mbili, Moja

Fundi Singano amezilaza heda mbili juu ya gunia,
nyuma ya gereji yake, Barabara ya Kumi na Nne,
kama muuza samaki ajuaye kwamba utachagua kwa macho
na kujuta kwa ulimi.

"Hii nne-moja. Mabomba manne marefu
yanakutana mara moja tu, huku mwisho.
Nguvu yake iko juu, mizunguko elfu sita kwenda mbele.
Chini ya hapo unasukuma toroli.

Hii nne-mbili-moja.
La kwanza linakutana na la nne,
la pili na la tatu,
halafu hayo mawili yanakuwa moja.
Inavuta toka chini. Haijitangazi."

Vitz yangu imeachama boneti. RS, gia za mkono,
rangi ya chungwa la Muheza lililosahaulika juani.
Miezi tisa ya zamu za usiku kiwanda cha saruji
nimeikunja mara mbili, iko mfuko wa shati.

Naiinua nne-moja. Nyepesi.
Inang'aa hadi naona pengo langu la jino.
Singano anapitisha sumaku: haishiki.
"Stinlesi. Chumvi ya hapa haitaiweza."
Anaipeleka sumaku kwa ile nyingine: tak!
"Chuma cha kawaida hiki. Kipake rangi ya joto,
na kila masika ulale chini uangalie viungo.
Viungo ndivyo vinavyooza kwanza."

Hoza, dogo wa spana, ananipigia debe sikioni:
"Chukua nne-moja, kaka. Ukipita Raskazone usiku
hadi waliolala watajua ni wewe."

Najua. Ndiyo ndoto niliyoiota zamu hadi zamu.
Lakini Tanga mji wa baiskeli, elfu sita nitazifikia wapi?
Muuza mikate na kreti lake nyuma
atanipita kwenye tuta, anipigie kengele,
nami nimebaki na makelele yangu.

Namuuliza Singano: kwa nini la kwanza na la nne?
Kwa nini si la kwanza na la pili, majirani?

Anafuta mikono, kidole kimoja kimoja.
"Moto haufuati foleni.
Unapiga moja, tatu, nne, mbili.
Ukiwafunga pamoja wanaofuatana,
mmoja atamtemea mwenzake moshi usoni.
Waache wapishane. Watakutana mbele, kila mtu na pumzi yake."

Sikusema kitu.

Sisi tuko wanne.
Mbwana wa kwanza, na mimi wa nne
baada ya miaka kumi na moja ya watu kukata tamaa:
tumbo la Mama Mkubwa.
Mwanakombo na Kassimu, hapo kati:
tumbo la Mama Mdogo.
Baba mmoja. Nyumba moja Chumbageni, bafu moja,
foleni ya ndoo alfajiri.
Tangu mirathi, simu nne zisizopigiana,
na mlango wenye kufuli mbili,
kila upande na yake.

"Basi, ipi?" Singano anauliza. Juani kunachoma.

Nikalipa ile inayoshika sumaku.

Boliti moja iligoma, ikala mafuta, ikala nyundo,
ikatoka na matusi ya Hoza.
Gasketi mpya; ya zamani nikaitia mfukoni, sijui kwa nini.
Nikawasha.
Haikunguruma. Ilikohoa, ikasafisha koo,
kisha ikashika sauti moja, nzito, ya chini,
niliyoisikia kwenye nyayo kabla ya masikio.
Hoza akatikisa kichwa: "Sauti ya mtu mzima, hii."

Nimepita Chumbageni kwa gia ya pili,
rangi mpya ikifuka bado chini ya boneti.
Kufuli zote mbili zipo.
Yetu ina kutu.
Yao pia ina kutu, lakini tundu la ufunguo
limetiwa grisi, mbichi,
na kwenye tundu la yetu
kuna grisi ileile.