Hufunzwa na Ulimwengu

Juzi, kabla ya chai ya saa nne,
niliua shamba la mama mara elfu kumi.

Lilikufa kwa kiu. Lilikufa kwa mafuriko
ambayo Mpunguzi haijapata kuyaona.
Lilikufa kwa pampu iliyosahauliwa
usiku kucha ikikohoa matope.
Kila lilipokufa nilibonyeza kitufe, likachipua upya
ndani ya kompyuta yangu yenye ufa kwenye kioo,
mizabibu mia mbili na arobaini,
na mwanafunzi wangu asiye na mwili
akaanza tena: fungua koki, funga koki, subiri
uone dunia itasema nini.

"Anasoma nini huyo?" mama aliuliza,
mkasi wa kupogolea ukining'inia kidoleni.
Hasomi, mama. Hana kitabu.
Anajaribu. Akipatia namwandikia thawabu,
akikosea namkata.
"Thawabu! Kwani anasali?"

Nikamweleza kwa ndama wetu wa zamani,
yule aliyeujua mlio wa debe la pumba
kabla debe halijafunguliwa.
Wakubwa wa elimu hii walianzia huko, nikasema,
kwenye mate ya mbwa anayengoja kengele,
kwenye paka aliyefungiwa sandukuni
akiparura hadi kitasa kikamfungukia.
"Kumbe chuo chote kile kule mlimani,
mnajifunza kufuga."

Kosa kurudia kosa, walituambia.
Huyu hurudia. Hiyo ndiyo shule yake.
Asiyefunzwa na mamaye, nilianza,
mama akaenda zake kupogoa.

Mwezi Mei tukamleta shambani kwa kweli.
Nilimlipa kwa unyevu: udongo ukilowa, alama.
Siku nne tu, akagundua kipimo kilipo.
Akafungua koki ya mstari wa kwanza, hiyo peke yake,
tangi zima likaishia mguuni pa kipimo,
dimbwi likang'aa, alama zikapanda,
na mstari wa saba ukakauka kama ufagio.

Nililia. Mama alicheka hadi akakaa chini.
"Huyu ni Chedego! Nilimlipa kwa shimo, sikutaja kina.
Jioni nikakuta mashimo sitini,
hakuna hata moja la kuzikia yai."
Ukamfukuza?
"Nikabadili malipo."

Nikabadili malipo.
Hakuna alama leo, hakuna kesho.
Utalipwa Septemba, kwa utamu wa tunda.
Ila thawabu ya mbali hufifia, kama deni la ndugu,
na siku ikifika, ni nani wa kushukuriwa?
Tone la Juni? Au usiku ule wa baridi
koki zilipofungwa mapema?
Hesabu hurudi nyuma hatua kwa hatua
ikigawa sifa, huyu kidogo, yule kidogo,
kama wanaogawa nguo za marehemu.

Agosti akafunga maji.
Siku moja. Tatu. Tisa.
Majani yakajikunja, kidole changu kiko juu ya swichi.
Ni upuuzi, mama, nilimwachia mwenyewe,
fungu la kumi la siku zake afanye lolote,
asije akaganda kwenye anachokijua.

"Mwache, Nyemo."
Zitakufa!
"Mzabibu ukishiba maji, tunda huwa maji.
Mwaka ule pampu ilipoibiwa
ndio tulivuna sukari."

Mbona hukuniambia?

"Uliniuliza? Ulimuuliza yeye."

Septemba kipimo cha sukari kilisoma ishirini na tatu.
Mama hakukitazama. Alitafuna moja ya mstari wa tano,
akatema mbegu, akafuta mkono kwenye khanga.
"Mwandikie thawabu yake," akasema,
"kisha njoo unishikie kapu."