Tanga Limerudi Fupi

Nilisokota sufu miezi kumi na minane,
ya kondoo wetu, na ya majirani wenye deni,
uzi wa kwanza kwa jua lisilotua,
wa mwisho kwa taa ya mafuta ya sili,
vidole vimepasuka.
Nikafuma. Nikatia mistari myekundu ya mizizi,
nikapaka shahamu hadi mbwa wakakataa kuingia ndani.
Pima saba kwa pima sita.
Nalijua tanga lile: pale nilipokosea nikafumua,
pale unywele wangu wa kwanza mweupe
ulipojipenyeza katika wekundu, nikauacha.

Kaka yangu Kolgrim akalitweka.
“Magharibi kuna miti,” alisema.
Sisi wa Grinlandi huokota magogo ufukoni
kama maskini aokotaye makombo.
Alitaka mti mmoja tu, mnyoofu,
boriti ya nyumba ya mkewe.

Kiangazi cha kwanza, kimya.
Cha pili, barafu ilifunga ghuba.
Cha tatu chombo kikaingia, mbao hadi ukingoni,
na zabibu zilizoota ukungu.
Wanaume walishuka wakiongea mno,
wote kwa pamoja, habari za samaki.
Sikuuliza.
Nililitandaza tanga majanini,
nikalipima kwa mikono yangu.

Pima moja na nusu haipo.

“Hapa,” akasema Oddleif, macho kwenye viatu,
“tulikata tepe. Watu wa kule walipenda wekundu,
wakatupa ngozi. Zilipopungua, tukakata nyembamba zaidi,
nao wakatoa ngozi zilezile.”
Na hapa?
Hapa palikatwa kwa kisu kilichotetemeka,
upana wa mabega,
urefu wa mtu.

Oddleif hakujibu.

Kumbe nilikuwa nafuma sanda,
na mara mbili nilimgombeza Kolgrim
kwa kuikanyaga na matope.

Usiku ule nilikaa matanga juu ya tanga.

Boriti imesimama. Bado inatoa utomvu
wa nchi nisiyoijua;
mwanawe huulamba, hukunja uso, hulamba tena.

Na huko ng'ambo, nadhani, yupo mwanamke
aliyejifunga utepe wangu kichwani.
Siku moja ataufumua,
kwa udadisi tu wa mtu ajuaye kazi ya mikono.
Atakutana na unywele mweupe,
atauvuta taratibu, taratibu,
auelekeze kwenye mwanga.