Nasomeka

Nilikuwa nimekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya simu,
stendi ya Newala, upepo unanyang'anyana nami karatasi,
alipokuja Stamili Nachundu kusajili laini.
"Weka kidole gumba, mama."
Akaweka. Mashine kimya.
"Futa, weka tena."
Akafuta kwenye kanga. Cha shahada. Cha kati. Cha pete.
Mpaka kile cha mwisho, kidogo, kilichopinda.
Maandishi mekundu: haisomeki.

Akacheka yeye; mimi ndiye niliyeona haya.
"Kitambulisho walinipiga alama mwaka ninaonyonyesha,
sikubangua mwaka ule. Sasa sijui, mwanangu,
ni mimi niliyekula korosho au korosho zilizonila."
Akafungua viganja:
vyeusi pembeni, vyekundu katikati,
ngozi imebambuka kama rangi ya mlango wa zamani.
Mafuta ya ganda hayapigi hodi.
Majivu unayojipaka yanazuia nusu tu,
nusu nyingine unakwenda nayo nyumbani.

Sasa, mkobani nilikuwa na pakiti ya chai ya kijani.
Msiniulize.
Nina miaka ishirini na minne na chunusi za kidato cha pili
zilizogoma kuhama. Nilishapaka vya kopo,
vile vinavyokupa uso wa mtu mmoja na shingo ya mwingine,
mpaka Fadina, muuguzi, aliponishika kidevu akasema:
"Kunywa chai ya kijani. Inayobaki ipoe, jikande.
Haikubadilishi rangi. Inatuliza tu.
Ngozi nayo huchoka kupigiwa kelele."

Nikammiminia Stamili nusu pakiti kwenye gazeti.
Akanusa.
"Hiki si kisamvu kilichokauka?"
"Ni chai, mama. Unakunywa bila sukari."
"Bila sukari? Kwani kuna msiba?"

Huku kwetu juu maji hupanda na bei hupanda nayo,
hakuna amwagaye ndoo ovyo kwa ajili ya urembo.
Kwa hiyo akayapangia kazi majani yale:
mchemsho wa kwanza, wa kunywa, na muhogo wa kuchoma;
mchemsho wa pili upoe kwenye bakuli,
azamishe mikono wakati wa taarifa ya habari,
toka habari za bunge mpaka za michezo;
makapi, kwenye shina la mpapai nyuma ya jiko.
"Mpapai umenizidi ngozi," alinipigia kunieleza,
kwa simu ya mwanawe, laini ya mwanawe,
salio la mwanawe likakata hapo hapo.

Akarudi Machi, korosho za kikundi zimekwisha ghalani.
Alitembea kama mtu anayekwenda kudai.
Gumba: haisomeki.
Cha shahada: haisomeki.
Cha kati, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia.
Cha pete, mkono wa kushoto,
mashine ikafikiri,
ikafikiri kama karani saa sita mchana,
kisha ikawaka kijani.
Kwenye kioo mistari yake, myembamba,
njia za sisimizi, na katikati pengo
pale moto ulipopita.
Na jina lote, hata la babu yake.

Sisemi ni chai.
Mikono ilikuwa likizo, nayo likizo ni dawa.
Nilimwambia anunue glovu; akajibu glovu inapunguza mwendo,
na mwendo ndio kilo, na kilo ndio ada ya Somoe.
Hapo sikuwa na majani ya kumpa.
Chunusi zangu? Mbili zimehama, moja imejenga.

Lakini laini aliipachika mwenyewe,
kwa ukucha uleule mweusi,
na mtu wa kwanza kumpigia nikawa mimi,
niliyekaa mbele yake, magoti yakigusana.
"Haloo," akasema, kwa sauti ya kuvuka bonde.
"Ni mimi. Nasomeka."