Mwanya wa Nusu Milimita

Kasese, saa nne usiku, umeme umekatika tena.
Nazonga waya kwa taa ya simu:
meno kumi na mawili, kila jino mizunguko kumi na tisa.
Wa ishirini umekataa kuingia.
Nimeusukuma kwa kijiti cha mwanzi,
nimeubembeleza, nimeutukana kwa Kikonzo.

Hesabu ni fupi na haina huruma:
ukitaka msokoto, panua kipenyo.
Lakini kipenyo kina mwenyewe, naye ni mkono,
na mkono niliopima ni wa Biira, fundi wa madirisha,
kiganja sentimita saba kwa upana.
Keekee isiyoshikika ni jiwe lenye betri.

Basi nimeigeuza: sumaku nje, shaba ndani,
mota fupi, pana, kama kopo la mafuta ya kujipaka.
Kati ya kinachozunguka na kilichotulia
nusu milimita ya hewa.
Ukizidisha, sumaku inaisahau shaba.
Ukipunguza, zinakwaruzana kama mawifi.

Ya kwanza iliungua. Ya pili pia.
Ya tano ilitoboa mvule hadi nusu, ikanuka vanishi,
mbwa wa jirani akapiga chafya.
Ya sita sikuiandika daftarini.

Waya ni wa pampu iliyokufa.
Baba anadai shaba yake ni ya Kilembe,
anaijua kwa rangi. Mwongo.
Miaka kumi na minne ndani ya mlima
aliikumbatia mashine ya kutoboa mwamba,
ikamtikisa hadi vidole vikasahau moto na baridi.
Akishika kikombe, chai hutangulia kutetemeka.

Ndiye ninayempelekea ya saba.
Haishiki. Anaiinamia,
anaiweka kwenye taya, mfupa kwa chuma,
anafumba macho. Nabonyeza.
Anaisikiliza kwa meno.

“Inachechemea,” anasema. “Kidogo tu.
Kuna mtu ataishika hiyo miaka kumi.”

Asubuhi nalikuta: tone la gundi
nyuma ya sumaku ya tatu, zito kama punje ya ulezi.
Nalikwangua kwa wembe.

Narudi. Taya tena. Kimya,
kirefu, mpaka betri inapata joto kiganjani mwangu.
Kisha ananipokonya,
anaielekeza kwenye ubao wa mvule,
skrubu ya inchi tatu inazama yote, kichwa na vyote,
na bado hajaiachia.