Kwa Nini Walipiga Makofi

Rasimu ya kwanza Aila Rautio aliiandika kwa saa mbili,
meza ya jikoni, theluji imefika ukingoni mwa dirisha,
akaipenda kama mtu apendavyo sahani aliyoiosha mwenyewe:
"Msemaji ametumia hisia, hoja na heshima ya jina lake
ili kuishawishi hadhira."
Sentensi safi. Ungeweza kuibandika
kwenye hotuba yoyote, ya harusi au ya vita,
nayo isingelalamika.

Bi Czarnecki hakugusa wino mwekundu.
Aliandika kwa penseli pambizoni, herufi ndogo kama chawa:
Ili iweje?
Na chini yake: Hadhira gani? Ilisimama wapi? Ilikuwa imekula?

Ilikuwa imekula!
Aila alicheka ndani ya basi la kutoka Duluth
mpaka darajani, kisha akaacha kucheka.

Hotuba yenyewe ni kurasa tatu,
ya meneja wa kiwanda cha karatasi, siku alipotangaza
kwamba mashine namba nne itazimwa.
Februari, uwanja wa kuegesha magari, kipaza sauti kinakoroma.
Miaka kumi na tisa sasa.
Mashine ni chuma chakavu; maneno yamo maktaba,
kwenye jalada la kijani, hayajapata kutu.

Rasimu ya pili ilikuwa ya kuhesabu.
Alihesabu "sisi": thelathini na moja.
Sisi tuliojenga. Sisi tuliovuka. Sisi, familia.
Halafu ukurasa wa tatu, aya ya pili,
"sisi" akatoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma
na kitini pake akaketi mwingine:
"Wao watapewa barua."
Wao nani, na wote wamesimama pale pale mbele yake?
Aila akakaa wima.
Neno moja dogo, na ndipo kisu kilipopita.

Rasimu ya tatu akawa hakimu.
"Hadhira ilidanganywa, ikapiga makofi."
Aliisoma kwa sauti. Ilivuma.
Akairudia, baba yake Reino akimenya viazi,
amempa mgongo.

"Hatukudanganywa."
Kisu hakikusimama.
"Nilikuwa mstari wa tatu, karibu na lori la chumvi.
Alipofika kwenye 'wao' tulitazamana.
Toivo alijua. Hata yule kijana wa kina Bergeron,
wiki mbili tu kazini, alijua."
"Basi mbona mlipiga makofi?"
Ganda la kiazi likashuka, refu, halikatiki.
"Mikono ilikuwa inaganda."
Na baadaye sana, maji yakichemka:
"Tena ni kitu unachoweza kukifanya na wenzako.
Hapakuwa na kingine."

Siku tatu insha haikuandikika.
Kitabu cha balagha kina takriri, kina sitiari,
kina kejeli za aina nne pamoja na mifano.
Mikono inayoganda hakina.
Akafuta "ilidanganywa". Akaweka "iliridhika": uongo.
Akaweka "ilivumilia": karibu, lakini siyo.
Akafuta. Kishale kikapepesa kwenye uwazi
kama taa za gari lililoegeshwa vibaya.

Ile sentensi ya sahani safi aliing'oa usiku wa Alhamisi.
Iliuma kidogo, kama plasta.
Rasimu ya nne ikaanza na hali ya hewa:
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
watu uwanjani,
na msemaji kwenye ngazi za ofisi,
mlango wenye joto ukiwa wazi nyuma yake.

Ikarudi na alama moja tu ya penseli.
Duara, kurasa zote sita, neno lile lile.
"Wao walisikia." "Wao walijua." "Wao walipiga makofi."
Pambizoni: Na wewe, umesimama wapi?

Saa nne usiku. Baba amelala na redio inanong'ona.
Kwenye sinki, ganda moja la kiazi limeshika chujio.
Aila akaliondoa, akafuta mikono kwenye suruali,
akafungua ukurasa mtupu,
akaandika tarehe.