Juu ya Kabati la Unga

Juu ya kabati la unga, hapa Bahía Blanca,
kinanguruma kisanduku alichoniachia Anselmo:
upana wa kiganja, feni moja, kebo ya buluu.
Mwanangu husema, "Mama, kizime. Umeme ni ghali."
Namjibu: na benki, mwaka ule ilipofunga milango
nasi nje tukigonga masufuria,
ilikuwa rahisi?

Sina bitikoini za kujivunia. Vijisenti tu.
Lakini kila dakika kumi, au arubaini, au tatu,
bloku mpya hubisha hodi,
nacho huikagua kama nilivyokagua mayai sokoni,
moja moja, nikiyainua juani.
Mbovu hurudishwa. Hakiulizi imeletwa na nani.

Julai, baridi kali, umeme ukakatika siku mbili.
Diski ikafa. Nikanunua nyingine kwa mkopo,
tukaanza upya, tangu ukurasa wa kwanza:
majuma mawili ya kusoma miamala ya watu nisiowajua,
usiku taa ya kijani ikipepesa
kama mtu ahesabuye kwa midomo.

Kwenye asilimia tisini na tisa kiligoma siku nzima.
Nikakikaripia. Kisha nikakipangusa vumbi.

Alfajiri kikafika mwisho, kikatulia kusubiri.
Nikateleka birika, kikombe kimoja,
nikatafuta mle ndani, katikati ya mamilioni,
muamala wa mwisho wa Anselmo,
ule aliomlipa fundi baiskeli.

Upo.
Sikuambiwa na mtu.